Kampuni Kongwe na Mwajiriwa Wake: Somo la IBM

Mwaka 1957 mwalimu kijana wa hisabati, Frances Allen, aliingia IBM akiwa na nia moja: apate fedha za kulipa deni la masomo yake, kisha arudi darasani. Hakurudi. Alikaa miaka 45, mwaka 1989 akawa mwanamke wa kwanza kupewa cheo cha IBM Fellow, na mwaka 2006 akawa mwanamke wa kwanza kutunukiwa Tuzo ya Turing, ambayo katika sayansi ya kompyuta haina ya juu yake. Ni kampuni hiyohiyo ambayo mwaka 1993, katika bonde la mto Hudson, jimbo la New York, ilianza kuwaachisha kazi watu walioishi miaka yote wakiamini kwamba IBM mtu hapunguzwi.

Vijana wetu wengi wanaohitimu masomo ya kompyuta Nairobi, Dar es Salaam au Kampala huusiwa na wazazi watafute nafasi katika kampuni kubwa yenye jina. Ushauri huo una sababu, lakini unaacha swali kuu bila jibu: kampuni ya namna hiyo humpa nini hasa mwajiriwa wake, na humnyima nini? Nimeichagua IBM kwa sababu imepita miaka mia moja, na karibu kila jambo linaloweza kumpata mfanyakazi wa teknolojia limewapata watu wake. Hoja yangu ni hii. Ukubwa na umri huipa kampuni utajiri wa kweli wa kumgawia mfanyakazi: walimu, muda, na kazi yenye uzito. Ila kile ambacho kampuni ya aina hiyo hupenda zaidi kuahidi, yaani usalama wa maisha, hakimo katika uwezo wake. Anayevitenganisha viwili hivyo atafaidika, anayevichanganya ataumia.

Ahadi ilivyojengwa

IBM ilianza mwaka 1911 kwa kuunganishwa kampuni za mizani, saa za kurekodi mahudhurio ya kazini, na mashine za kuhesabu kwa kadi zilizotobolewa. Jina la sasa lilikuja mwaka 1924. Aliyeipa tabia yake ni Thomas J. Watson, aliyeingia mwaka 1914 na kuiongoza kwa zaidi ya miaka 40. Watson hakuwa mhandisi. Alikuwa mtu wa mauzo, na alijua kwamba muuzaji asiyeiamini kampuni yake hawezi kumfanya mteja aiamini.

Mdororo mkuu wa uchumi ulipoikumba Marekani, viwanda vingi vilifunga milango. Watson aliendelea kuzalisha na kujaza maghala hata pale wanunuzi walipokosekana. Mwaka 1935 serikali ya Marekani ilipitisha sheria ya hifadhi ya jamii, na ghafla kukahitajika mashine za kutunza kumbukumbu za mamilioni ya wafanyakazi. IBM ilikuwa nazo tayari. Kamari hiyo ingeweza kuiua kampuni; ilipofanikiwa, ikazaa imani kwamba kumshikilia mfanyakazi wakati wa shida ni utu na ni biashara nzuri pia.

Mengine yakafuata. Bima ya maisha ya pamoja ilianza mwaka 1934, na likizo yenye malipo mwaka 1937. Katika mji wa Endicott wafanyakazi walikuwa na klabu yenye uwanja wa gofu kwa ada ya dola moja kwa mwaka. Mwaka 1953, kabla ya sheria ya haki za kiraia ya 1964, Thomas Watson mdogo, mwana wa Watson huyo, aliwaandikia mameneja waraka wa kukataza ubaguzi wa rangi na dini katika kuajiri, wakati kampuni ikipanga kujenga viwanda katika majimbo ya Kusini. Mwaka 1958 malipo ya saa yalifutwa, hata wa kiwandani akawa mtu wa mshahara. Na mlango wa mkubwa, kwa kanuni, ulikuwa wazi kwa yeyote mwenye malalamiko dhidi ya bosi wake.

Nayo kampuni ilidai malipo yake. Muuzaji alitakiwa avae suti ya rangi ya giza na shati jeupe. Palikuwa na nyimbo za kampuni, na neno THINK lilibandikwa kwenye kuta za ofisi. Aliyetaka kupanda cheo alikubali kuhamishwa mji hadi mji, mke na watoto wakimfuata.

Ahadi ya kutopunguza watu ilikuwa desturi tu. Haikuwa kifungu cha mkataba ambacho mtu angekwenda nacho mahakamani, na katika viwanda vya Marekani hapakuwa na chama cha wafanyakazi chenye nguvu ya kuidai. Iliishi kwa hiari ya viongozi na kwa wingi wa faida. Kwa nusu karne hiari na faida zilikuwapo, kwa hiyo hakuna aliyeona haja ya kuuliza siku zikikosekana itakuwaje.

Utajiri wa kweli

Kampuni changa huishi kwa fedha za miezi michache ijayo, kwa hiyo kila mtu hufanya lile linalohitajika wiki hii. Kampuni kongwe yenye faida inaweza kumwacha mtu miaka kadhaa akitafuta jambo ambalo soko bado halijaliomba. John Backus na wenzake walipewa muda wa kutosha kutengeneza Fortran, iliyotoka mwaka 1957 na kuwaondolea waandishi wa programu adha ya kuandika kwa lugha ya mashine. Kazi ya kwanza ya Allen ilikuwa kuwafundisha wanasayansi wa kampuni hiyo Fortran, na kwa kuwafundisha akaingia mwenyewe katika utafiti wa jinsi ya kuitafsiri programu iende kasi kwenye mashine. Mtu aliyekuja kwa ajili ya deni alikutana na walimu, swali gumu, na miaka ya kulishughulikia. Huko Uswisi, katika maabara ya Zurich, watafiti wa IBM walipata Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 1986 kwa hadubini iliyoweza kuonyesha atomu, na wengine wa maabara hiyohiyo wakapata ya mwaka 1987 kwa ugunduzi wa vipitishi-umeme vya aina mpya. Hiyo ni kazi ya mahali penye subira na fedha za kuigharamia.

Faida ya pili ni ngazi ya ufundi. Katika ofisi nyingi, za kwetu zikiwamo, fundi hodari hana njia ya kupanda ila kuwa meneja. Matokeo yake ofisi hupoteza fundi mzuri na kupata meneja wa wastani. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 IBM ilianzisha cheo cha Fellow, kwa mhandisi au mwanasayansi aliyethibitisha uwezo wake, apewe heshima ya mkubwa na uhuru wa kuchagua utafiti wake bila kulazimika kusimamia watu. Nchi zetu zina vyuo, benki na kampuni za simu zinazolalamika kwamba mafundi wao bora wanakimbia. Taasisi hizo zingelitazama wazo hili kwa makini, kwani halihitaji maabara ya Uswisi. Linahitaji uamuzi wa kumlipa na kumheshimu fundi akiwa fundi.

Ya tatu ni uzito wa kazi yenyewe. Tarehe 7 Aprili 1964 IBM ilitangaza System/360, familia ya kompyuta kuanzia ndogo hadi kubwa zilizoweza kuendesha programu zilezile. Gharama yake ilikadiriwa kufikia dola bilioni 5, zaidi ya mapato ya kampuni kwa mwaka mzima wakati huo. Ukoo huo wa mashine haujakatika hadi leo, na programu zilizoandikwa zamani zinaweza bado kuendeshwa kwenye kompyuta kuu za sasa zinazobeba miamala ya mabenki na tiketi za ndege. Anayefanya kazi hapo hurithi maelfu ya kurasa za programu zilizoandikwa na watu waliokwisha kustaafu. Kijana mwenye hamu ya kujenga kipya huona ni adhabu. Lakini kutunza mfumo usioruhusiwa kuzimika ni ujuzi wa hali ya juu: hufundisha kupima kabla ya kugusa, kuandika maelezo ambayo mwingine ataelewa baada ya miaka 20, na kuogopa kosa dogo linaloweza kufunga benki nzima.

Gharama ya ukubwa

System/360 yenyewe ilifundisha pia upande wa pili. Mashine zilikuja, lakini mfumo endeshi wake ulichelewa sana ingawa ulishughulikiwa na zaidi ya watu elfu moja. Fred Brooks, aliyeongoza kazi hiyo, baadaye aliandika kitabu The Mythical Man-Month, kilichotoka mwaka 1975, akieleza kwamba kuongeza watu kwenye programu iliyochelewa huichelewesha zaidi. Sababu inaeleweka kwa yeyote aliyekaa katika vikao vya ofisi kubwa: kila mgeni lazima afundishwe na wenyeji ambao tayari wamezidiwa, na kila kichwa kinachoongezeka huongeza watu wa kushauriana nao. Mtu hutoka nyumbani asubuhi, hurudi jioni amechoka kabisa, na siku nzima ameitumia kuwapa wenzake habari za kazi ambayo hakupata nafasi ya kuifanya.

IBM ilifika mahali pa kuurasimisha ugumu huo. Kwa miaka mingi kitengo chochote kiliweza kuandika pingamizi rasmi dhidi ya mpango wa kitengo kingine na kuusimamisha mpaka wakubwa waamue. Utaratibu huo ulikusudiwa kuzuia makosa, ila ukawapa watu wengi uwezo wa kusema hapana huku walioweza kusema ndiyo wakiwa wachache. Kesi ya ukiritimba ambayo serikali ya Marekani iliifungua mwaka 1969 na kuiacha mwaka 1982 iliwazoesha pia watu kumwona mwanasheria kabla ya kuandika chochote.

Mfano unaouma zaidi ni wa Edgar Codd. Mwaka 1970, akiwa mtafiti wa IBM mjini San Jose, alichapisha nadharia ya kupanga hifadhidata kwa majedwali yanayohusiana, nadharia ambayo leo iko chini ya karibu kila mfumo wa benki, hospitali na chuo kikuu. Lakini IBM tayari ilikuwa ikiuza hifadhidata ya aina nyingine, nayo ilileta fedha nyingi. Waliokuwa wakila kwa bidhaa ya zamani hawakuwa na haraka ya kuizaa mpya. Watafiti walijenga mfano wa majaribio katikati ya miaka ya 1970, lakini ilikuwa kampuni ndogo ambayo baadaye iliitwa Oracle iliyowahi sokoni mwaka 1979. Codd alipewa cheo cha Fellow na, mwaka 1981, Tuzo ya Turing. Heshima alipata, kuliona wazo lake likiongoza njia ya kampuni yake kwa wakati ufaao hakupata. Wengi ndani ya kampuni kongwe hubeba maumivu ya namna hiyo. Wanalijua jibu, wamelionyesha, na wanatazama wengine wakilitumia.

Pale IBM ilipotaka kasi ililazimika kujitenga na yenyewe. Kompyuta yake ya binafsi, iliyozinduliwa tarehe 12 Agosti 1981, ilitengenezwa kwa takriban mwaka mmoja na timu ndogo iliyowekwa Boca Raton, Florida, mbali na makao makuu, chini ya Don Estridge. Timu iliruhusiwa kununua vipuri vya wengine: kichakata cha Intel na mfumo endeshi wa Microsoft. Bidhaa ilifanikiwa mno. Lakini kwa kuwa sehemu zake muhimu zilikuwa mali ya wengine, faida kubwa ya miaka iliyofuata ilikwenda Intel na Microsoft.

Pasipoonekana mwisho wa kazi

Kuna gharama nyingine ambayo waandishi wa biashara huigusa kwa haraka, nami nadhani ni nzito kuliko zote. Katika kampuni kubwa mfanyakazi haoni kazi ya mikono yake inaishia wapi. Kampuni tanzu ya IBM nchini Ujerumani, Dehomag, ilitoa mashine za kuchakata sensa ya Prussia mwaka 1933, Hitler akiwa ameshika madaraka. Watson alipokea nishani ya utawala huo mwaka 1937, akairudisha mwaka 1940. Afrika Kusini ya ubaguzi wa rangi ilikuwa mteja pia, na IBM iliuza kampuni yake tanzu huko mwaka 1987 tu, baada ya miaka ya shinikizo.

Kampuni hiyo ndiyo iliyoandika waraka wa 1953. Wema wa sera za ndani haukuzuia bidhaa kwenda kwa watawala waliowatenga na kuwaangamiza watu nje. Fundi wa Endicott aliyefunga skrubu za mashine hakupewa nafasi ya kuamua iuzwe kwa nani. Ndiyo maana naamini haki ya mfanyakazi kuuliza mteja ni nani na anataka kufanya nini ni sehemu ya heshima ya kazi, sawa na mshahara na likizo. Kwa watu wa nchi zetu, ambao data zao za vitambulisho, simu na uchaguzi zinashikwa na mifumo ya kampuni za mbali, swali hilo si la nadharia.

Ahadi ilipovunjika

Katikati ya miaka ya 1980 IBM ilikuwa na wafanyakazi zaidi ya 400,000. Kisha kompyuta ndogo zikaanza kuila biashara ya kompyuta kuu. Mwaka 1992 kampuni ilipata hasara ya karibu dola bilioni 5, na mwaka 1993 dola bilioni 8.1. Mwanzoni watu walishawishiwa waondoke kwa hiari wakiwa na kiinua mgongo. Ilipofika 1993 hiari ilikwisha. Aprili mwaka huo bodi ilimleta Louis Gerstner, mtu wa nje ambaye hakuwahi kufanya kazi katika kampuni ya kompyuta, na Julai akatangaza kupunguza watu wengine 35,000. Mwishoni mwa 1994 walikuwa wamebaki takriban 220,000.

Gerstner alikataa kuigawa kampuni vipandevipande, akavunja tabia ya vitengo kuzuiana, na akaielekeza kwenye huduma. Kampuni ilipona. Waliobaki wana haki ya kumshukuru. Walioondoka nao wana haki ya kusema kwamba hawakukosea popote: walifanya yote waliyoambiwa, wakahama mji walipotakiwa kuhama, na makosa ya mkakati yaliyofanywa na wakubwa wakayalipa wao.

Mwaka 1999 zamu ikawa ya pensheni. IBM ilibadili kikokotoo cha mafao kwa namna iliyowapunguzia wengi wa umri wa kati, hasa waliokuwa wamekaribia miaka ambayo mafao ya zamani hupanda haraka. Wafanyakazi waliozoea kunyamaza waliwasiliana kwa intaneti, wakawaandikia wabunge, wakaanzisha umoja wao. Septemba mwaka huo kampuni ililegeza msimamo na kuwaruhusu wafanyakazi wapatao 35,000 zaidi kubaki na mpango wa zamani wakitaka. Tukio hilo halitajwi vya kutosha, nalo lina somo: walichokipata hawakukipata kwa mlango wa bosi uliokuwa wazi. Walikipata kwa sauti ya pamoja.

Mwaka 2020 tume ya Marekani inayosimamia usawa kazini ilieleza kwamba uchunguzi wake ulionyesha kuwa kati ya 2013 na 2018 wakubwa wa IBM waliwaelekeza mameneja wapunguze kwa nguvu idadi ya wafanyakazi wenye umri mkubwa. Kampuni ilikana kubagua kwa umri. Vyovyote iwavyo, kampuni inayojivunia kumbukumbu ya miaka mia haipaswi kuwaona wabebaji wa kumbukumbu hiyo kuwa mzigo.

Kuhamishwa bila kusogea

Mfanyakazi wa kampuni kubwa anaweza pia kubadilishiwa mwajiri akiwa amekaa kitini pake. IBM ilipoiuzia Lenovo ya China biashara ya kompyuta za binafsi, kwa makubaliano ya Desemba 2004, watu wapatao 10,000 walikwenda pamoja nayo. Novemba 2021 kitengo cha kuendesha mifumo ya wateja kiligeuzwa kampuni ya Kyndryl, na takriban watu 90,000 wakaondoka na jina jipya.

Kwetu hili lilifika mwaka 2010, Bharti Airtel ilipoingia Afrika na kuikabidhi IBM uendeshaji wa mifumo yake ya kompyuta katika nchi 16, Kenya, Tanzania, Uganda na Kongo zikiwamo. Mkataba wa aina hiyo hubadili maisha ya fundi. Mfumo ni uleule na mteja ni yuleyule, ila anayepanga kazi yake sasa anaangalia vigezo vya mkataba uliotiwa saini mbali naye. Anaweza kufaidika kwa mafunzo na njia ya kwenda nchi nyingine. Anaweza pia kujikuta kwenye mstari wa gharama ambao mkataba ukiisha unafutwa.

Mlango mwingine ulifunguka Novemba 2013, IBM ilipozindua maabara ya utafiti katika Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Afrika Mashariki, Nairobi, kisha mwaka 2016 ikaongeza ya Johannesburg. Mojawapo ya kazi za mwanzo, Twende-Twende, ilitumia picha za kamera za barabarani kumwongoza dereva katika msongamano wa Nairobi. Maabara ya namna hii ndiyo inayoleta karibu nasi utajiri nilioueleza: mtafiti anapata wenzake wa hadhi ya dunia bila kuhama nyumbani. Ila dola inayoigharamia huamuliwa mbali, na kwa hiyo vyuo na serikali zetu visiifanye kuwa mbadala wa kuwekeza katika watafiti wao wenyewe.

La kuchukua na la kuacha

Basi kijana aliyepata nafasi katika kampuni kongwe afanyeje? Naamini aende, na aende akijua anafuata nini. Atafute kwanza mtu wa kumfundisha, kwa sababu kampuni hizo zina mafundi wa miaka 20 na 30 ambao hawapatikani kwingine. Aombe kazi iliyo karibu na mfumo wenyewe na mteja mwenyewe, kwani anayeishia kwenye taarifa na vikao hutoka na jina zuri kwenye wasifu na mikono mitupu. Achunguze kama fundi anaweza kupanda akiwa fundi. Asome mkataba wake wa mafao kama anavyosoma wa nyumba, na ajue ni kipi kimeandikwa na kipi ni desturi. Ajiunge na wenzake mapema, kabla ya siku ya shida. Na ujuzi anaoupata auweke katika hali ambayo itamfaa hata mahali pengine, asiishie kujua vifupisho vya kampuni moja.

Waajiri nao, pamoja na mashirika yetu makubwa ya simu, benki na huduma za umma yanayozeeka sasa, wana wajibu wao. Wasiwaite wafanyakazi familia kama hawana nia ya kuwatendea hivyo mapato yakishuka. Ni heshima zaidi kumwambia mtu ukweli: tutakulipa vizuri, tutakufundisha, tutakupa kazi yenye maana, na siku tukilazimika kuachana tutakupa notisi ya kutosha na stahiki zako zote bila kukuzungusha. Ahadi hiyo ni ndogo kuliko ya Watson, lakini kampuni inaweza kuitimiza hata katika mwaka wa hasara, na mfanyakazi anaweza kupanga maisha yake juu yake.

Allen alipewa walimu, muda na swali linalostahili maisha ya mtu. Watu wa bonde la Hudson waliahidiwa usalama wa maisha, na ulitoweka katika mwaka mmoja wa hesabu mbaya. Tuwafundishe vijana wetu kuitafuta zawadi ya kwanza kwa bidii zote, na ile ya pili tuidai pale panapoweza kuwajibishwa: kwenye mkataba ulioandikwa, kwenye chama cha wafanyakazi, na kwenye sheria ya nchi.